Sanduku Tunaloliita CPU

Kenya nzima, lile sanduku linalokaa chini ya meza tunaliita CPU. Mwalimu wetu wa kompyuta aliliita hivyo, vijana wa saiba huliita hivyo, na karani anayekuambia mitambo imelala hulielekezea kidole akiliita hivyo hivyo. Lakini CPU si sanduku. CPU ni prosesa, kipande cha silikoni na chuma kinachotoshea kwenye kiganja cha mtoto, na kimefichwa humo ndani chini ya feni. Tumeipa nyumba nzima jina la mpangaji mmoja. Nadhani ni kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuingia.

Shuleni kwetu kompyuta zilifunikwa vitambaa kama makochi ya sebuleni, na mwanafunzi aliyepatikana na bisibisi karibu nazo aliitiwa mzazi. Mimi bisibisi hiyo niliishika nikiwa na miaka 22, sakafuni, kwenye chumba cha kupanga Kahawa Wendani, miezi mitano baada ya kuacha chuo. Mama alikuwa hajui nimeacha. Vipuri vilivyotandazwa mbele yangu juu ya gazeti la zamani vilinunuliwa kwa Sh27,000 alizokopa kwenye chama chake akidhani analipia karo ya muhula.

Hiyo pesa nitairudia. Kwanza kuna swali lililonijia usiku huo na likakataa kutoka. Prosesa yangu ilikuwa ya Intel, kampuni ya Marekani. Madabodi ilikuwa ya Gigabyte, ya Taiwan. RAM ilikuwa ya Samsung, ya Korea Kusini. Pawasaplai ilitoka China, na keisi haikuwa na jina kabisa. Watu hawa hawajuani, na wengine ni washindani. Lakini tundu la skrubu la huyu liliangukia juu ya tundu la yule bila hata milimita moja kupotea. Jaribu kufunga mlango wa Probox kwenye matatu ya Nissan uone. Kwa hivyo kuna mahali watu walikubaliana. Ni nani, na lini? Na kama walikubaliana, mbona simu yangu haifunguki, na laptopu ya rafiki yangu haiongezwi RAM?

Chuoni nilikuwa nasomea historia na Kiswahili. Huu, ukipenda, ndio utafiti wa mwaka wa nne ambao sikufika kuuandika.

*

Tuanzie Albuquerque, mji ulio kwenye jangwa la New Mexico, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ed Roberts alikuwa na kampuni ndogo iliyoitwa MITS. Ilikuwa ikiuza vikokotoo, halafu kampuni kubwa zikaingia sokoni na bei ikaporomoka mpaka Roberts akabaki na madeni. Akiwa katika hali hiyo ndipo alipobuni kompyuta ya kuuziwa mtu wa kawaida. Jarida la Popular Electronics liliiweka kwenye jalada lake la Januari 1975. Iliitwa Altair 8800.

Ukilipa dola 397, posta ilikuletea vipuri na maelezo. Kulehemu ulilehemu mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mbele ilikuwa na safu za swichi na taa ndogo nyekundu, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256. Sentensi hii unayoisoma, pamoja na ile iliyoitangulia, zingechukua sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo. Hata hivyo Roberts, aliyetumaini kuuza mamia machache, alipata maelfu ya oda.

Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na jambo ambalo kwangu ndilo mwanzo wa hadithi. Altair haikujengwa kwenye bodi moja. Ilikuwa na safu ya soketi zenye pini 100, na kila kazi ilikuwa na kadi yake: prosesa kadi yake, kumbukumbu kadi yake. Ukitaka kitu zaidi, unachomeka kadi nyingine. MITS ilipochelewa kutoa kadi nzuri za kumbukumbu, watu wengine walitengeneza zao zinazoingia kwenye soketi zile zile na kuziuza. Roberts hakufurahi, lakini angefanya nini? Soketi ilikuwa wazi. Ndani ya muda mfupi kampuni nyingine zikawa zinaunda kompyuta nzima kwa mpangilio ule ule wa pini 100. Kampuni iliyouanzisha haikuwa tena mwenye mpangilio huo.

Tarehe 5 Machi 1975, watu thelathini hivi walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kuzungumzia mashine hiyo. Ndicho kilikuwa kikao cha kwanza cha Homebrew Computer Club. Mmoja wao alikuwa Steve Wozniak, ambaye baadaye alibuni kompyuta ya Apple II, iliyotoka mwaka 1977. Kifuniko cha Apple II kiliinuliwa kwa mikono mitupu, na ndani mlikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi. Mwenzake Steve Jobs alitaka ziwe mbili tu. Wozniak alikataa, na safari hiyo akashinda.

Hapa ndipo wahubiri wa mafanikio hupenda kutuambia habari za walioacha chuo. Paul Allen aliliona lile jarida kwenye kibanda cha magazeti karibu na Harvard akamkimbilia rafiki yake Bill Gates, Gates akaacha masomo, wakaanzisha Microsoft. Nimetumiwa hadithi hiyo na watu wanne tofauti kwenye WhatsApp tangu niache chuo, wote wakiwa na nia njema. Wanachosahau ni kwamba programu yao ya kwanza ya Altair, Gates na Allen waliiandalia kwenye kompyuta kubwa ya Harvard. Gates aliacha chuo kilichokuwa kimempa mashine. Mimi niliacha chuo ambacho mashine zake zilikuwa zimefunikwa vitambaa, na niliacha kwa sababu ya karo ya nyuma, wala si kwa sababu ya maono.

Ninayempenda ni Roberts. Mwaka 1977 aliiuza kampuni yake, akaenda Georgia kulima, halafu akiwa mtu mzima mwenye familia akajiunga na shule ya udaktari. Alihitimu mwaka 1986. Aliishi akitibu watu katika mji mdogo wa Cochran mpaka alipofariki mwaka 2010. Huyu hakuna anayenitumia WhatsApp.

*

Altair na wenzake zilikuwa za wapenzi wa kulehemu. Kilichoifikisha kompyuta kwenye sakafu yangu ni haraka ya kampuni kubwa kuliko zote.

IBM ilikuwa imezoea kutengeneza kila kitu yenyewe, kuanzia mashine zinazojaa chumba hadi kadi za kutoboa. Ilipoona kompyuta ndogo zinauzwa na yenyewe haimo, ilitaka kuingia haraka. Mwaka 1980 ikaunda kikosi kidogo huko Boca Raton, Florida, ambacho muda si mrefu kilikuwa chini ya Don Estridge, kikapewa mwaka mmoja hivi. Kwa mwaka mmoja huwezi kubuni kila kitu. Basi wakafanya kile ambacho fundi yeyote wa jua kali angefanya: walienda sokoni. Prosesa walinunua Intel, ile ya 8088. Diski walinunua Tandon. Printa ilikuwa ya Epson. Programu ya kuendesha mashine ilitoka kwa Microsoft.

Tarehe 12 Agosti 1981 wakaitangaza. Bei ilianzia dola 1,565, na kwa bei hiyo ulipata kilobaiti 16 za kumbukumbu. Kwenye gazeti langu pale sakafuni kulikuwa na RAM ya gigabaiti 8 iliyotumika, ya Sh2,500. Hiyo ni zaidi ya mara 500,000. Pawasaplai ya IBM ilitoa wati 63.5, yangu imeandikwa 450.

Mambo mawili ndiyo yaliyofungua mlango. Kwanza, kama Altair, mashine ya IBM ilikuwa na nafasi za kuchomeka kadi, tano. Pili, IBM ilichapisha kitabu cha kiufundi kilichochora saketi zote za mashine, ili wengine waweze kuiundia kadi. Kitabu hicho kilichapisha hata BIOS yake, neno kwa neno.

BIOS ndiyo programu ndogo inayokaa ndani ya chipu kwenye madabodi. Ukibonyeza kitufe, ndiyo inayoamka kabla ya wote. Ni kama soja wa ploti: anafungua geti, anahesabu waliopo, halafu anawaamsha wengine. Kila kitu kingine kwenye mashine ile ungeweza kukinunua dukani. BIOS pekee ndiyo ilikuwa mali ya IBM, na kuichapisha ilikuwa ni kama kumwonyesha mtu ufunguo ukimwambia kisheria haruhusiwi kuuchonga.

Mwaka 1982 wahandisi watatu waliotoka Texas Instruments, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, walianzisha Compaq huko Houston. Walitaka kutengeneza kompyuta ya kubebeka ambayo ingekubali kila programu ya IBM bila kuiba hata mstari mmoja wa BIOS. Njia waliyotumia ni hii. Kundi la kwanza lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya kazi gani tu: ukiiuliza hivi, inajibu vile. Kundi la pili, ambalo halijawahi kuona ile BIOS, likachukua maelezo hayo na kuandika programu yake kuanzia sufuri. Ni kama jirani aonje pilau yako, amweleze mpishi mwingine ladha yake bila kutaja ulichoweka wala ulivyopika, na huyo wa pili apike mpaka ladha ifanane. Hakuna aliyeingia jikoni kwako.

Mashine yao ilianza kuuzwa Machi 1983. Ilikuwa na uzito wa kilo 13 hivi, kwa hivyo hilo neno "kubebeka" lilihitaji mabega. Mwaka huo wa kwanza waliuza zaidi ya 50,000. Mwaka uliofuata kampuni ya Phoenix Technologies ikawa imeandika BIOS yake kwa njia hiyo hiyo ya makundi mawili, lakini badala ya kuunda kompyuta, ikaiuza BIOS yenyewe kwa yeyote aliyeitaka. Kuanzia hapo, aliyekuwa na meza, bisibisi na mtaji kidogo angeweza kuwa mtengenezaji wa kompyuta.

Taiwan ilielewa haraka kuliko wote. Kampuni ambayo baadaye ikaitwa Acer ilikuwepo tangu 1976. Gigabyte na MSI zikaanzishwa 1986, na mwaka 1989 wahandisi wanne waliotoka Acer wakaanzisha Asus. Ukitembea leo kwenye duka lolote la vipuri Nairobi, madabodi nyingi zimeandikwa mojawapo ya majina hayo.

*

Lakini msidhani mlango uliachwa wazi kwa roho nzuri. Mwaka 1987 IBM ilirudi kuufunga. Ilitoa kompyuta mpya, PS/2, yenye aina mpya ya nafasi za kadi iliyolindwa kwa hataza. Mtu akitaka kutengeneza mashine kama hiyo, alipe leseni. Waliokuwa wamejipenyeza kwa ule mlango wa kitabu wakaambiwa waanze kukata tiketi.

Mwaka 1988 kampuni tisa zilikataa. Compaq ilikuwa mbele, pamoja na nyingine kama Epson, HP, NEC na Olivetti. Walitangaza mpangilio wao wenyewe ambao bado ulikubali kadi za zamani. Mpangilio huo haukuenea sana, ulikuwa ghali. Lakini ulimaliza jambo moja: IBM haikuwa tena na uwezo wa kuamua peke yake kompyuta ya IBM ni nini. Mnamo 2005 iliiuza biashara hiyo yote kwa Lenovo ya China.

Mpangilio ambao ndio uliokuwa sakafuni kwangu ulikuja mwaka 1995. Intel ilichapisha vipimo vilivyoitwa ATX: madabodi iwe na ukubwa gani, matundu ya skrubu yawe wapi, plagi ya umeme iwe na umbo gani, na lile dirisha la mstatili nyuma ya keisi la kutolea soketi liwe na ukubwa gani. Nia ya Intel haikuwa hisani. Ilitaka kuuza prosesa, na prosesa huuzika zaidi kukiwa na watu wengi wa kuzijengea nyumba. Lakini tundu la skrubu halijui nia ya mtu. Ndiyo maana keisi yangu isiyo na jina na madabodi kutoka Taiwan zilikutana kana kwamba zilichumbiana.

Hata uhuru wa kuchagua kati ya Intel na AMD una tarehe yake. IBM haikutaka kutegemea muuzaji mmoja wa prosesa, kwa hivyo Intel ililazimika kukubali kampuni nyingine pia izitengeneze. Mwaka 1982 AMD ikapata mkataba huo. Baadaye walipelekana mahakamani kwa miaka, lakini AMD haikutoka tena.

*

Sasa twende Luthuli Avenue, barabara yenye jina la Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Siku hizi ukisema unaenda Luthuli, watu wanajua unaenda kununua spika, televisheni au kompyuta. Orofani, kwenye vibanda vilivyogawanywa kwa mbao, ndiko yanakopatikana masanduku ya ex-UK: kompyuta zilizofanya kazi kwenye ofisi za Ulaya, zikachoshwa na mwajiri, zikapandishwa meli hadi Mombasa. Wengi wa rika langu walijifunza kuandika barua pepe kwenye masanduku kama hayo, ama saiba, ama shuleni. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijengwa juu ya wazo hilo hilo, kukusanya kompyuta zilizotumika na kuzipeleka madarasani.

Mimi nilitaka kununua moja ya hizo halafu niiongezee nguvu polepole. Kazi niliyokuwa nimepata, ya kunakili mahojiano na kuhariri video fupi, ilihitaji mashine isiyokwama. Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa mzee wa miaka hamsini hivi, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya. Nilimsalimia shikamoo, akacheka, akasema hapa ni Nairobi.

Hakubishana nami. Alichukua sanduku la ofisi la kampuni moja kubwa, akalifungua mbele yangu.

"Hebu hesabu pini za hii plagi ya umeme."

Nikahesabu. Zilikuwa nane.

"Sasa hii." Akanipa pawasaplai ya kawaida. Zilikuwa 24.

"Hao jamaa wamejitengenezea plagi yao," akasema. "Pawasaplai ikiungua, unatafuta ya kwao. Madabodi ikifa, unatupa na keisi. Kijana, hilo sanduku ni zuri, lakini haliongezeki."

Wakati huo sikujua niko ndani ya ugomvi wa 1987. Nilijua tu kwamba mzee ananizuia kununua kitu ambacho yeye mwenyewe anauza, na hilo lilinifanya nimwamini.

Akageuza risiti ya zamani, akaniandikia mpangilio wa kuchagua. Nautoa hapa jinsi alivyoueleza, kwa sababu hakuna video iliyonifundisha vizuri zaidi. Anza na prosesa, kwa kujua ni kazi gani unataka. Prosesa ndiyo itakuchagulia madabodi, kwa sababu soketi lazima zilingane: Intel ya kizazi cha nne huingia kwenye soketi ya 1150, ya kizazi cha sita huingia 1151, na tofauti ya hiyo nambari moja inatosha kukurudisha mjini ukilia. Madabodi ndiyo itakuchagulia RAM: yangu ilikubali DDR3, na DDR4 hata ukiisukuma haiingii, mkato wake uko mahali pengine. Halafu jumlisha wati, uache nafasi, ndipo uchague pawasaplai. Keisi ni ya mwisho. "Keisi ni shati," akasema. "Hujinunulii shati kabla ya kujua ukubwa wa kifua."

Nilichukua Core i5 ya kizazi cha nne, iliyotumika. Alinionyesha ndani ya soketi zile nyaya ndogo kama nywele za masikio ya mbuzi, akaniambia nikiangusha kitu pale, hata yeye hatanisaidia.

*

Usiku huo nilifanya kila kitu kwa mpangilio. Niligusa chuma cha keisi kwanza kuondoa umeme wa mwilini. Prosesa niliilaza kwenye soketi bila kuisukuma, pembetatu ndogo ya dhahabu ikiangalia alama yake, nikashusha mkono wa chuma uliokwaruza mpaka moyo ukasimama. Nikapaka ile dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya dengu. Feni juu yake. RAM nilibonyeza hadi ndoano zikalia tak. Nikaingiza madabodi kwenye keisi, nikafunga skrubu, nikaunganisha plagi ya pini 24 na zile nyaya nyembamba za kitufe na taa. Saa saba usiku nikabonyeza.

Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo. Si mashine niliyokuwa naiwaza. Nilikuwa naona akina mama kumi na wawili wameketi kwenye viti vya plastiki Jumapili mchana, Mama akieleza kwamba mtoto wake yuko mwaka wa tatu. Nilizima, nikawasha, nikazima. Nikatoa RAM, nikairudisha. Saa tisa nikampigia picha madabodi nzima, nikaituma kwa yule fundi, bila kutumaini. Saa kumi na mbili asubuhi alijibu kwa sauti, akiwa kwenye matatu: "Kijana, angalia juu kushoto, karibu na prosesa. Hapo kuna soketi ingine umeacha wazi. Prosesa haijala."

Ni plagi ya pili, ndogo, ya umeme wa prosesa peke yake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba iliongezwa kwenye vipimo vya ATX mwaka 2000, wakati prosesa zilipoanza kula umeme mwingi kuliko plagi kuu ilivyoweza kupeleka. Kosa langu lilikuwa na umri wa mtoto aliyezaliwa nami karibu mwaka mmoja. Nikaichomeka. Skrini ikawaka, na yule soja wa ploti akaanza kuhesabu waliopo: prosesa moja, megabaiti 8192, diski moja.

*

Swali langu la pili lilikuwa kuhusu simu na laptopu. Jibu ni kwamba Jobs alishinda baadaye. Macintosh ya kwanza, ya Januari 1984, haikuwa na nafasi hata moja ya kadi, na ilifungwa kwa skrubu zenye kichwa cha nyota zilizohitaji bisibisi ndefu isiyokuwepo kwenye nyumba za watu. Laptopu nyingi za leo ni watoto wa sanduku hilo: RAM imelehemiwa kwenye bodi, na kiasi ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Sisemi ni mbaya. Ni nyembamba, hazipigi kelele, betri inadumu. Lakini mtu anayeishi Wendani na kupata pesa kidogo kidogo hanunui kitu mara moja. Ananunua mawe mwaka huu, mabati mwaka ujao. Mashine inayoongezeka ndiyo inayomfaa, na mashine hiyo ipo kwa sababu IBM ilikuwa na haraka, na kwa sababu watu fulani walikataa tiketi.

Mama alikuja mwezi wa sita, bila kuniambia, na mfuko wa viazi. Mimi ni mtoto wake wa pili, nimepewa jina la babake, kwa hivyo huniita baba. Alikaa kitandani, akaangalia meza, akaangalia ukutani palipokuwa pametundikwa ratiba ya masomo ya mwaka uliopita.

"Baba, hii ndiyo karo?"

Nilimwambia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza chai iko wapi, akajitengenezea mwenyewe, na kwa muda mrefu kilichosikika ni sufuria. Halafu akauliza kama ni mimi niliyeitengeneza.

"Nimeiunganisha tu, Mama. Walioitengeneza ni wengi."

"Ifungue nione."

Nikatoa kifuniko cha ubavuni. Akainama na kikombe mkononi, nikamwambia tafadhali aweke chai mbali, akaiweka. Aliuliza CPU ni ipi kati ya hizo. Nikamwonyesha feni, nikamwambia iko chini yake. Akauliza nimejuaje. Basi nikamsimulia, kuanzia jangwani, na alinikatiza mara moja tu, nilipofika kwa Roberts.

"Huyo alirudi shule akiwa na watoto?"

"Ndiyo, Mama."

Hakusema kitu. Alichukua chai yake. Alipokuwa anaondoka aliniambia chama kinataka pesa yake kabla ya Desemba, na kwamba yeye hatanisemea kwa wale akina mama, nitaenda mwenyewe.

Nilienda. Nimelipa Sh19,500 kwa kazi niliyoifanya kwenye mashine hiyo, na insha hii pia iliandikwa hapo. Kifuniko cha ubavuni sijakirudisha hadi leo. Skrubu zake mbili ziko kwenye kikombe juu ya meza, karibu na daftari la deni. Zimebaki Sh7,500.